Ndege wa mjomba

Ukitaka kukosa amani Arusha hii, onyesha hamu na kitu cha zamani. Mimi nilitaka tu kujua kile kibao cha saruji juu ya mlango wa mjomba, huko Tengeru, asili yake nini. Kina ndege. Kimepakwa chokaa juu ya chokaa, mpaka wajukuu wanaapa ni kuku.

Nilipopanda ngazi kukitazama, uzio ukajaa watu. Fundi mmoja akanivuta pembeni kwenye migomba, akaninong'oneza: "Kaka, ramani unayo?" Ramani ya nini? "Ya Mjerumani." Mwingine akasema ana rafiki mwenye mashine ya kupimia, tugawane nusu kwa nusu. Hata bodaboda aliyenileta aligoma kuondoka.

Uvumi wenyewe una mzazi, sikatai. Mwaka 1916, Mjerumani akiwa amezibiwa bahari na Mwingereza, alitengeneza pale Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15: upande mmoja tembo, upande wa pili tai. Tangu hapo, penye tai lazima pana mali. Wapo waliochimbua mpaka msingi wa choo chao.

Nikaomba kisu butu na brashi ya viatu, nikakwangua taratibu, vumbi la chokaa likiniingia machoni. Sasa, tai wa Kaisari ana ngao kifuani, na ndani ya ngao yumo tai mwingine mdogo. Taji lake nalo halimgusi kichwa, linaelea juu na tepe zake. Huyu wa mjomba kifua kitupu, na taji limemkaa kichwani kama barakashia ya Ijumaa. Huyo ni tai wa Poland!

Na Tengeru Wapolandi walikuwapo. Walianza kuletwa mwaka 1942, wengi wao akina mama na watoto. Wasovieti walikuwa wamewahamishia Siberia kwa nguvu. Wakatoka huko kupitia Uajemi hadi huku chini ya Mlima Meru. Walifikia kama 5,000, wakawa na shule, kanisa na hospitali yao. Makaburi yao yapo mpaka leo, si mbali na kwa mjomba. Kibao kilifikaje mlangoni? Mjomba anasema yeye alinunua nyumba pamoja na mlango wake, maswali mengine nikawaulize waliomuuzia, na wote ni marehemu.

Nikawatangazia waliokuwa kwenye uzio: jamani, ni kumbukumbu ya wakimbizi, hakuna dhahabu. Fundi akasonya. Bodaboda akawasha pikipiki. Nikashukuru, nikaenda kulala.

Usiku mbwa wakabweka. Asubuhi kuna shimo chini ya dirisha la jikoni, mtu mzima anazama mpaka kiunoni, na mjomba amenikabidhi koleo nilifukie mwenyewe, kwa kuwa "utafiti ni wako." Nikiwa katikati ya kazi, fundi akapita, akainama juu ya uzio.

"Kaka, hao watu umesema walipitia wapi?"

"Uajemi."

"Uajemi si ndiko kwenye dhahabu?"