Jinsi ya Kuajiriwa na Mbwa wa Kilo Tatu

Hongera. Umemleta nyumbani ndani ya mkoba, kilo tatu akiwa ameshiba, manyoya meupe, macho meusi yanayokudai kitu ambacho bado hujakijua. Aliyekuuzia amekuapia kuwa ni Maltese halisi, na bei haikukuachia nafasi ya kubisha. Jibwa la jirani linaitwa Simba na halina habari. Wako ataitwa Bella, na kuanzia wiki ijayo wewe mwenyewe utakuwa Mama Bella, kwanza kwa utani wa mashemeji, kisha kwa wino kwenye daftari la vikoba. Usikatae. Waliokataa wanaitwa hivyo hivyo mpaka leo.

Mwongozo huu umewalenga wakazi wa Dar es Salaam na miji mingine ya joto, wenye mbwa wa kufugia ndani, majirani wenye ushauri mwingi, na mti wa mwarobaini usio mbali na mlango.

Tuanze na chakula, kwa kuwa yeye ataanza nacho. Siku ya kwanza utakuwa na msimamo: mbwa ni mbwa, atakula tunachokula. Utasonga ugali wa dona, utachanganya na dagaa, utamwekea. Atanusa, atakutazama, ataondoka. Siku ya pili utaongeza mchuzi. Ya tatu itakukuta umekaa kwenye kigoda unamchambulia kidari cha kuku, mfupa mmoja mmoja, na watoto uliowazaa mwenyewe wanakula maharage. Hapo nyumba itatulia. Mifupa ya kuku iliyopikwa kweli usimpe, maana hupasuka vipande vyenye ncha, na utumbo wake ni mwembamba.

Hatari kubwa zaidi ni pilau. Siku ya shughuli kila shangazi atamtupia tonge, "na yeye asherehekee." Sasa itazame sahani ya pilau kwa macho ya mbwa: kitunguu maji, kitunguu saumu, na kwa waliojaliwa, zabibu kavu. Vitunguu, vibichi au vya kukaanga, huharibu chembechembe nyekundu za damu ya mbwa. Gramu 15 hadi 30 za kitunguu maji kwa kila kilo ya mwili zinaweza kumdhuru, kwa hiyo huyu wako kitunguu kimoja cha sokoni kinamtosha. Saumu ni kali zaidi. Zabibu huua figo, na kiasi salama hakijulikani. Tena kwa vitunguu haugui pale pale. Siku chache baadaye ndipo ufizi unapauka na mkojo unageuka rangi ya chai ya mkandaa, wakati huo mashangazi wamesharudi Morogoro na kila mmoja anakumbuka kuwa aliyempa ni mwenzake. Mfungie chumbani mpaka sufuria zioshwe. Akilia, ongeza sauti ya muziki.

Jirani mwema atakushauri umpe saumu punje mbili kila asubuhi, eti inaua minyoo. "Ni dawa ya asili, shoga, haina madhara." Mshukuru, ipokee, kaungie mboga yako. Vidonge vya minyoo viko kwenye duka la dawa za mifugo, na hutolewa kwa uzito wa mbwa, si kwa mapenzi ya mwenye mbwa.

Sasa kupe, ambao ndio kazi yenyewe. Weka kiti barazani, washa taa ya simu, chukua kibano cha nyusi (hutakitumia tena kwa nyusi) na kikombe cha maji ya sabuni. Tafuta ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkanda wa shingo. Aliyeshiba humkosi, amevimba kama kunde iliyolowekwa. Wa kukusumbua ni yule mdogo, bapa, wa kahawia, anayekimbia ukimfunulia manyoya. Mkamate karibu kabisa na ngozi, mvute polepole bila kumsokota, mtumbukize kikombeni. Usimpasue kwa kucha. Shemeji akipita atasema umchome kwa njiti ya kiberiti. Mwambie manyoya yanawaka, kisha mpe kikombe ashike. Mwingine ataleta mafuta ya taa. Hayo yarudishe kwenye kandili.

Ndipo utakapochemsha mwarobaini, kwa sababu kila mtu amekwambia na wewe si mkaidi. Majani ya kujaza sufuria, maji mpaka yawe kijani kiza, yapoe, umwogeshe. Atanuka uchungu, na wewe utanuka, na taulo, na kochi. Sifa ya mwarobaini kwa wadudu si ya uongo; una kemikali inayovuruga ukuaji wao. Lakini kupe wa mbwa hakai kwa mbwa tu. Akishiba huanguka, hupanda ukutani, hujipenyeza kwenye ufa wa dirisha au nyuma ya picha ya harusi, na jike mmoja hutaga huko mayai kwa maelfu. Wewe umemwogesha mbwa. Picha ya harusi hukuiogesha. Kwa hiyo dawa ya kupe ya mbwa wa uzito wake itanunuliwa tu, na nyufa zitazibwa. Na ukimwona amelala mchana kutwa, kuku hamtaki, ufizi umepauka, joto limepita lile lake la kawaida la nyuzi 38 hadi 39, acha sufuria ilipo, panda bajaji umwone daktari wa mifugo. Homa ya kupe haichemshiwi majani.

Usikubali dawa ya josho. "Kifuniko kimoja kwenye ndoo, wala hafi." Kifuniko cha chupa ipi na ndoo ya lita ngapi, hilo halina mwenyewe. Dawa hiyo ilipimiwa mnyama wa kilo mia tatu, mwenye ngozi ya kutengenezea viatu. Fundi magari naye atakupa oili chafu ya kupaka upele, atakwambia ndiyo dawa ya kienyeji iliyoponya mbwa wote wa mtaa. Anakupa bure kwa sababu hata gari limeikataa. Mbwa hujilamba, unachompaka mgongoni jioni kiko tumboni asubuhi.

Si kwamba jikoni hamna dawa. Asali halisi inafaa kwenye kidonda kidogo kilichosafishwa, ila Bella ataigundua. Atailamba yote, na kesho atakuletea mguu mzima, ameukunja, anachechemea. Asali hiyo hiyo ipake kwenye ufizi pale mtoto wa mbwa wa aina hizi ndogo anapolegea ghafla na kutetemeka baada ya kulala njaa, maana sukari ya damu yao hushuka upesi. Kisha bajaji. Akiharisha kwa vitu vya jalalani, mpe wali bokoboko na kuku wa kuchemsha bila chumvi, kidogo kidogo, au boga, siku moja au mbili. Ukiona damu, au kutapika kusikokoma, mpishi hahusiki tena. Maziwa, ambayo mtaani yanaponya kila sumu kuanzia ya panya hadi ya maneno, hayazimui chochote, na mbwa wengi waliokwisha kukua huharisha wakiyanywa.

Ajali nyingine atazipata kwenye samani. Mbwa wadogo hivi huvunjika miguu ya mbele kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi, lile lile ulilomkataza kulipanda wakati ungali unakataza vitu. Weka kigoda cha kushukia. Mfunge kamba ya kifuani badala ya shingoni, koo lake ni laini.

Na sweta hilo mvue. Najua lina masikio ya sungura. Mbwa hatoi jasho ila kidogo kwenye nyayo, hupoa kwa kuhema, na Februari ya Dar hata wewe unahema. Isitoshe sweta litafuliwa, litaanikwa nje, na kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi. Funza wake huingia ngozini na kutoa jipu lenye tundu katikati. Paka vaselini nene juu ya tundu, funza akikosa hewa atajitokeza, umtoe bila kumkata. Baada ya hapo sweta lipigwe pasi kila likifuliwa, pande zote mbili. Ndiyo, sweta la mbwa. Dada anayekusaidia kazi atasimama na pasi mkononi akikutazama, na hutakuwa na la kumjibu.

Mama mkwe akija kutoka Kilosa, mbwa halali kitandani, hajawahi, wala hamna tabia hiyo. Bella atasikiliza maelezo hayo mpaka mwisho, kisha atakwenda kulala juu ya mto wako.

Kwa majirani tumia adabu. Anayepita na kanzu nyeupe kwenda swala ya Ijumaa hana ugomvi na mbwa wako. Mate ya mbwa ni najisi kwake, na kujitoharisha ni kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, adhana ikiwa imeshaanza. Mbebe, simama pembeni, msalimie. Usimwambie "haumi." Kuuma siko alikokuwa anakuhofia.

Jambo moja halina utani. Kichaa cha mbwa hakiangalii ukubwa, na dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Bella akimng'ata mgeni, hata kama ndiye aliyemchokoza, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usiweke pilipili, wala majivu, wala lile jani lako.

Mbwa naye achanjwe kila mwaka. Ukisikia kampeni ya bure, na mara nyingi huja karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nenda. Chini ya mwembe wa ofisi ya serikali ya mtaa utawakuta watoto na majibwa yao, moja kwa kamba ya katani, jingine kwa mkanda wa suruali, jingine kwa kipande cha kanga, yametulia, ndimi nje. Wewe utaingia na mkoba. Kichwa kitachomoza kwenye zipu, kitabweka mara moja, na foleni nzima itarudi nyuma hatua mbili. Mchanjaji atavuta ml 1, kipimo kile kile alichotoka kumchoma jibwa la kilo thelathini, nawe utauliza mbele ya halaiki kama hawana ya saizi ndogo. Hawana. Ukipewa kadi ya chanjo iweke juu ya kabati, mbali na kochi, maana karatasi ndicho chakula pekee ambacho Bella hula bila kuungiwa mchuzi.