Shangazi, Tundu Lako Limefika Minnesota

Minneapolis, Minnesota

Shangazi, huku baridi haina adabu: juzi nilisahau chupa ya soda nje ya mlango, asubuhi nikaikuta imepasuka.

Leo nakuandikia habari ya keki. Jumamosi bibi wa nyumba ya jirani alibisha hodi, mkononi ana keki kama gurudumu la toroli, katikati tundu. Nikaipokea kwa mikono miwili, lakini moyoni nikasema, bibi huyu kaonja, kaonja, akishafika katikati ndipo kakumbuka ujirani. Nikaitazama vizuri. Ukingo wa tundu laini, hauna alama ya kisu. Imezaliwa hivyo.

Inaitwa Bundt, na chombo chake ni mzaliwa wa huku huku. Mwaka 1950 akina mama wa Kiyahudi wa chama cha Hadassah walimwendea H. David Dalquist, mwenye kampuni ya Nordic Ware, wakataka awatengenezee chombo kama kile cha udongo kilichotumika Ulaya kuokea keki ya gugelhupf. Akawasubia cha alumini, ubavuni mitaro, katikati bomba. Wao wakikiita “bund”. Yeye akaongeza “t” apate jina la kusajili. Kazi ya bomba ni kupitisha moto katikati, unga mzito uive ndani sawa na nje.

Hapo ndipo nilipokukumbuka. Harusi ya dada, keki ya sufuria, mchanga chini, mkaa juu ya mfuniko: kandokando imeiva vizuri, katikati uji. Ukachukua bilauri, ukaikandamiza, ukaitoa ile mbichi, kisha ukajaza asumini kwenye tundu na kutuambia ndiyo mtindo wa mjini. Nordic Ware walihitaji kiwanda. Wewe bilauri.

Chombo chenyewe kilidoda miaka mingi, hadi 1966, Ella Helfrich wa Houston alipoingia mashindano ya kuoka ya kampuni ya Pillsbury na keki ya chokoleti aliyoioka humo. Akawa wa pili, akaondoka na dola 5,000, na watu zaidi ya 200,000 wakaiandikia Pillsbury kuuliza chombo hicho kinapatikana wapi. Sasa sikia sifa ya keki hiyo: ukiikata, ndani mna handaki la chokoleti rojorojo. Rojorojo, Shangazi! Kwa kosa hilo hilo wifi yako, yaani mama yangu, alikununia mwezi mzima.

Nami nimenunua changu, cha mtumba. Keki ya kwanza iligoma kutoka. Nikapiga kitako cha chombo kama ngoma ya msondo. Nusu ikaanguka, nusu ikabaki, nikaimalizia kwa kijiko nimesimama. Jirani kanifunza: paka siagi kila mtaro, na bomba usilisahau, nyunyiza unga, na keki ikitoka jikoni ipumzike dakika 10 ndipo uipindue.

Desemba nakuletea chombo hicho. Punguza mkaa wa juu, bilauri rudisha kabatini. Asumini weka tu. Na Mama akiuliza, mwambie tundu hilo limetoka Marekani.