Wazazi Wanne, Jora Moja

Ndugu yangu uliyewahi kuozesha, hili halihitaji maelezo marefu kwako. Sendofu ya binti yetu ilikuwa imekaribia na sebule yetu ya Tabata ilishageuka stoo: kreti za soda mlangoni, viti vya kukodi hadi dirishani, na kwenye kochi jora la kitenge cha kijani ambalo hakuna aliyeruhusiwa hata kuliegemea. Gesi ilikata maharage yakiwa nusu. Kitindamimba wetu alikuwa chini ya meza, anakunja kadi za mwaliko kuwa ndege.

Hapo ndipo MC alipotuma ujumbe. Anaomba orodha ya wazazi na namna ya kumtambulisha kila mmoja.

Nasema binti yetu, maana nimemlea tangu akiwa darasa la kwanza. Baba yake mzazi yuko Moshi na mke wake. Yeye na mke wangu, ambaye humu ndani cheo chake ni Waziri wa Fedha, walipeana talaka zamani, wakapita baraza la usuluhishi kisha mahakamani, kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka. Likizo binti alikwenda Moshi, shule zikifunguliwa akarudi kwetu. Huko ana mama mdogo, huku ana mimi.

Kalamu ikanyakuliwa na shangazi yangu, Mkaguzi Mkuu, mwanamke anayejua hata sukari ya jirani imebaki kiasi gani. Akaandika kwa herufi kubwa: mama mzazi, mtalaka wa mama, mama wa kambo, baba wa kambo. Akamgeukia fundi cherehani. Kijani ni cha wazazi, hao wa kambo washonewe bluu, ya ndugu.

Waziri akaweka mwiko chini.

"Shangazi, huyo mama alikesha na mwanangu ana malaria, likizo nzima. Leo tumtangaze wa kambo ukumbini?"

"Sasa nimwite nani?"

Mimi namuunga mkono Waziri, na si kwa woga. Sisi sote tumelelewa na hadithi za mama wa kambo anayemnyima yatima chakula. Ukimsimamisha mama wa watu mbele ya ukumbi mzima ukamvika jina hilo kwa kipaza sauti, umemvika na ile hadithi. Na mtalaka ni kumtaja mtu kwa siku aliyoachana na mwenzake, kana kwamba tangu hapo hakulipa ada wala hakuuliza mtoto ameamkaje. Watoto walishatutatulia hili bila kikao: mama mdogo, baba wa Tabata, baba wa Moshi. Wanamwita mtu kwa anakokaa na anavyowajali, basi.

Simu ikalia, Moshi. Waziri akaweka spika, mikono ina unga.

"Nipe mzazi mwenzangu," sauti ikasema.

"Si ndiye unayeongea naye?"

"Wewe tulishaongea asubuhi. Nipe mzazi mwenzangu wa kiume, baba wa Tabata. Kuna suala la mbuzi."

Sebule ikanyamaza, hata cherehani. Nikaichukua simu, koo limenikaba kidogo, tukajadili mbuzi wa ndafu: asafirishwe kutoka Moshi au anunuliwe Vingunguti? Tukakubaliana Vingunguti. Mkewe akasikika kwa mbali akiuliza vipimo vyake vya gauni vimefika.

Vilifika. Fundi akapima jora upya, akasema kijani kitatosha wazazi wanne endapo mashati ya akina baba yatakuwa ya mikono mifupi. Waziri alikubali kwa niaba yetu sote wawili.

Mkaguzi Mkuu akachana ukurasa wake, akaandika WAZAZI, chini yake majina manne, bila maelezo. Kisha akamsogelea fundi, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kitabaki kipande cha kilemba chake.