Sifa za Barua ya Asiye na Uzoefu

Washairi wamemaliza wino kumsifu mwezi, mnazi na mpenzi aliyesafiri, wakaipita barua inayotoa jasho kuliko zote: barua ya maombi ya kazi ya kijana ambaye hajawahi kuajiriwa. Leo nailipa deni lake.

Mwenye uzoefu haandiki, huorodhesha. Alikuwa benki miaka minne, akahamia bima miaka sita, kwisha. Karani yeyote angemwandikia. Asiye na uzoefu huketi mbele ya karatasi akiwa na cheti, afya njema na namba ya kitambulisho cha NIDA, na kwa mtaji huo anatakiwa aujaze ukurasa. Na anaujaza! Kulia juu anaweka anuani, na ubunifu umeshaanza, maana S.L.P. ile ni ya parokia, au ya shule ya msingi anakofundisha mjomba. Chini kidogo, kushoto, anakaa mkubwa. Halafu YAH: kwa herufi kubwa, na mstari chini yake. Kisha inakuja ile sentensi isiyozeeka, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, mkubwa asije akahusika na kichwa cha habari cha jirani.

Aya ya pili ni ya maajabu. Mimi ni kijana wa Kitanzania, mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi na watu wa aina zote, mahali popote, chini ya usimamizi mdogo au bila kusimamiwa kabisa. Waajiri hulalamika kila siku kwamba watu waaminifu wamekwisha nchini. Hawajaisha. Wote wamo kwenye mafaili yao, kabati la chini.

Wala sanaa hii si ya jana. Mnamo mwaka 1482 hivi Leonardo da Vinci, umri wake ukikaribia miaka 30, alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, akiomba kazi. Akaahidi madaraja mepesi ya kubebeka, mizinga, na magari ya vita yaliyofunikwa, yeye ambaye jina lake lilikuwa la mchoraji. Mwishoni kabisa ndipo akagusia kwamba hata kuchora anaweza.

Kijana wetu, tuseme wa Mbagala, Dar es Salaam, amempita Leonardo kwa unyenyekevu, kwa sababu anachokiweza hakigusii hata mwishoni. Tangu darasa la tano anauza dukani kwa baba yake. Anajua nani akopeshwe unga na nani aambiwe umekwisha. Amefunga hesabu kwa tochi ya simu umeme ulipokatika, amemtuliza mlevi aliyedai chenji ya noti ambayo hakuitoa, na daftari la madeni analisoma kama mganga anavyosoma ramli. Barua yake inasema nini? Sijawahi kufanya kazi popote, ila niko tayari kujifunza. Hapo naivulia kofia. Ni hati gani nyingine inayoweza kumfutia mtu miaka kumi ya kazi kwa adabu namna hiyo? Lakini ndiyo haki yenyewe: duka halina muhuri wa idara, na baba mzazi hawezi kuwa mdhamini.

Tusisahau barua hii inavyolisha watu. Mwenye steshenari anayo barua moja kwenye kompyuta yake, mama wa barua zote mtaani, na hubadilisha jina na cheo tu. Ndiyo maana dereva wa lori huweza kujikuta amemalizia kwa kueleza mapenzi yake makubwa ya kufundisha hisabati. Hata serikali ilipohamishia maombi ya kazi mtandaoni, kwenye Ajira Portal, haikuweza kuachana nayo: barua bado inadaiwa, tena yenye saini, ipigwe skani na kupandishwa kwenye mfumo, kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, Dodoma.

Na isidhaniwe barua hii haina watunzi. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilipoita watu kwenye usaili, zaidi ya 10,000 waliketi kwenye majukwaa ya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakigombea nafasi 70. Nionyesheni watunzi wa riwaya waliowahi kukusanyika uwanjani namna hiyo.

Mwisho wa barua huandikwa Wako mtiifu, utii kwa mtu ambaye mwandishi hajawahi kuonana naye. Mara mojamoja utii huo hujibiwa. Kijana huitwa, huajiriwa, hupewa meza, na miaka ikienda hupewa kijana wa kumletea chai. Siku moja bosi humwomba aandae tangazo la nafasi mpya, kazi ya kupokea wageni na kujibu simu. Anafikiri kidogo, anakohoa, anaandika: Mwombaji awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu.