Shangazi, Bahari Ina Maji

Wanaozisifu fukwe ambazo hazijaguswa kwa kawaida si wale wanaobeba ndoo. Pwani ambayo haijaguswa ni pwani ambayo maji ya kunywa unakwenda nayo, kivuli unakipigania na mbuzi, na ukiulizia pa kubadilishia nguo unaoneshwa mti.

Mtoto wa ami yangu hakulijua hilo. Alikuja likizo kutoka Maskati na begi zima la vyombo vya kuzamia: miwani, mrija wa kupumulia na mapezi ya mpira marefu kuliko kasia. Nungwi hakutaka hata kuisikia, ati kumejaa watu. Alitaka Mangapwani, kule kaskazini magharibi ya Unguja, zaidi ya kilomita 20 kutoka Mji Mkongwe, kwa sababu aliambiwa hakuna kitu. Shangazi akashauri tuulize kwanza habari za maji.

"Shangazi, bahari ina maji," akajibiwa.

Basi tukapanda gari namba 102 ya Bumbwini. Mapezi yakakosa pa kukaa, kila tuta yakimpiga begani bibi mmoja aliyebeba kuku, mpaka konda akatangaza kwamba mwenye mapezi atalipia siti ya mapezi. Bibi akasema kuku wake wamelipa nini basi. Mjadala ulitufikisha Bububu na kuipita, na bado sijui nani alishinda.

Tulifika ufukweni saa nne asubuhi. Bahari haikuwapo.

Mwezi mpevu ulikuwa umepita juzi tu, na bamvua huku haina siri: mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa sana mnamo saa nne na kujaa sana mnamo saa kumi, na tofauti baina ya hayo mawili hukaribia mita 4. Mtoto wa pwani hujifunza haya kabla ya hesabu za kujumlisha. Mbele yetu palikuwa na miamba mitupu, majani ya bahari yamelala, na watu wameinama wanatafuta pweza mashimoni. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu chini ya mwamba, aliyatazama mapezi, akamtazama mwenye mapezi, akaitikia salamu kwa upole.

"Yametoka kidogo, mwanangu. Yatarudi."

Tukaweka kikapu chini. Hapo ndipo kunguru walipotukaribisha. Ndege hawa waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Wazo lilikuwa zuri, ila hakuna aliyewafafanulia mpaka wa taka na katlesi. Mmoja alitua mbele yetu akichechemea, shangazi akamhurumia akamtupia kipande cha mkate. Mwenzake akapita nyuma, akainua kawa kwa mdomo, akachagua katlesi iliyoiva vizuri. Anayechechemea akaruka naye, mguu mzima kabisa.

Kusubiri maji, tulikwenda kwenye chumba cha watumwa. Ni shimo lililochongwa ndani ya jiwe la matumbawe na kuezekwa juu. Mkataba wa Juni 1873, aliousaini Sultani Barghash, ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko la mjini, lakini waliokuwa wakifaidika nayo hawakuacha. Waliwaficha watu humu mpaka jahazi lije usiku. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa mpaka 1897. Ukishuka zile ngazi, mzaha unakatika. Hata mtoto wa ami alivua kofia yake, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyezungumzia mapezi.

Shangazi hakuwa nasi. Alikuwa ameomba choo kwenye nyumba moja ya kijijini, maana pale tuliposhukia hapana choo. Alichukua saa nzima. Kwa desturi yetu huwezi kuingia uani kwa mtu ukatoka bila ya kusema wewe wa nani, na waliposhuka mpaka kwa babu wa tatu ikaonekana kwamba mwenye nyumba ni mtu wetu wa Bumbwini. Alirudi na chai kwenye chupa, mkungu wa ndizi, na mwaliko wa harusi.

Alasiri maji yakaja, ya kijani kibichi na masafi ajabu. Mtoto wa ami akavaa miwani, ikajaa maji. Akaikung'uta, akaivaa, ikajaa tena. Mzee akamwambia ni masharubu: kioo hakishiki pua palipo na nywele. Wa Maskati masharubu yake aliyalea kwa mafuta ya udi, hakuna wa kuyanyoa. Tukayapaka mafuta ya mgando mpaka yakalala. Safari hii maji hayakuingia, ila kioo kikafanya ukungu.

"Kiteme mate," mzee akasema.

"Ami, kitu hiki ghali."

Mzee akakichukua, akakitemea yeye, akazungusha kwa dole gumba taratibu mpaka pembeni, akasuuza, akamrudishia. Kioo kikang'aa.

Kila alipoibuka alipiga kelele kupitia mrija, halafu akautoa na kusema upya. Ameona samaki wa buluu na kijani, ana mdomo kama wa kasuku!

"Pono," mzee akajibu bila ya kuinua macho kwenye nyavu. "Wa kupaka."

Ameona kundi zima, la madoadoa!

"Tasi. Kaanga."

Alipotoka ndipo alipokanyaga mmoja wa wale wadudu weusi wa miambani wenye miiba mirefu. Miiba ile ukiichomoa inakatikia ndani, kwa hiyo haichomolewi. Mtoto mmoja wa kijijini akatumwa kwenye nyumba ileile ya jamaa zetu wapya, akaja mbio na papai bichi. Mzee akalichanja kwa kisu, utomvu mweupe ukadondoka juu ya kila nukta nyeusi ya unyayo, na mgonjwa akaambiwa asiuoshe. Mapezi, bila shaka, yalikuwa begini wakati huo. Kutembea nayo mchangani kulimshinda.

Wenye mamlaka wakituuliza, mimi Mangapwani siitakii hoteli wala muziki. Naomba choo kimoja tu, chenye mlango, komeo na ndoo ya maji. Shangazi anapinga. Anasema kikijengwa choo, jamaa zake wa Bumbwini atawajuaje?