Dumu Mbili Kitete

Mtandao ulitaka jina la kwanza, jina la ukoo na namba ya simu. Simu ya mama mdogo ilikuwa na Dumu Mbili Kitete, Baba Pacha Isevya, Nyuki Wadogo Cheyo na Yule wa Treni. Binamu yangu aliikodolea macho kompyuta akipima kama Dumu liwe jina la kwanza na Kitete la ukoo, au Kitete aipeleke kwenye safu ya mji, maana mtandao uliuliza na mji.

Mama mdogo anauza asali Tabora, ile ya miombo inayoletwa kwa madumu kutoka Sikonge. Jina ambalo mteja alipewa na wazazi wake halimsaidii kitu. Akina Juma wamejaa mjini, lakini anayechukua asali ya nyuki wadogo kule Cheyo na kulipa bila kelele ni mmoja tu, na huyo ndiye wa kuhifadhiwa.

Binamu alikuja likizo kutoka Dar es Salaam na ujuzi mpya. "Shangazi, wateja wako wote wako mtandaoni. Tunaipandisha orodha, tangazo linawafuata hukohuko waliko." Jambo lenyewe si geni. Facebook iliwafungulia wafanyabiashara mlango huo mwaka 2012, Google ikafuata mwaka 2015. Namba za wateja haziendi wazi wazi. Kila moja inapigiwa hesabu maalumu inayoigeuza kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu 64, mtandao nao unazifanyia namba za watumiaji wake hesabu hiyohiyo, kisha mifuatano inalinganishwa. Ikipungua tarakimu moja tu, mfuatano mzima unakuwa mwingine na mteja haonekani.

Na tarakimu zilipungua. Excel iliziangalia namba za mama mdogo, ikaona sifuri ya mwanzo haina kazi, ikaitupa. Binamu akaongeza 255 mbele, kama mtandao unavyotaka, Excel ikaona sasa namba zimekuwa ndefu mno, ikazifupisha: kila mteja akawa 2.56E+11. Baba Pacha, Yule wa Treni na Dumu Mbili wote namba moja. Usawa wa namna hiyo hata Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapahapa Tabora, hakuuhubiri. Halafu likaletwa daftari la zamani, lenye namba za 0744 na 0748, ambazo zilishageuka kuwa 0754 na 0784 tangu katikati ya miaka ya 2000. Mama mdogo alisema wenye namba hizo ni wateja wazuri sana, ila siku hizi wamekuwa kimya.

Mimi kilichonishangaza zaidi ni malipo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe ilipofika Ugogo ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa doti za merikani na kaniki, mtemi mmoja baada ya mwingine. Waliokuwa wakilipa walinung'unika, lakini walikuwa wanavuka nchi ya watu. Mama mdogo analipa dola, kwa kadi ya kwenye simu, ili amfikie mtu wa Gongoni ambaye akiinua shingo anaiona meza yake. Namba ni zake, wateja ni wake, asali ni yake, na bado kuna mtemi katikati.

Namba ziliporekebishwa, tangazo la kwanza lilikataliwa. Binamu alikuwa ameandika kwamba asali inaponya kikohozi, na mitandao haipendi ahadi za tiba. Jibu lilikuja bila jina la aliyeliandika. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, na Stanley akalazimika kuzungukia kusini, angalau kila mtu alijua aliyefunga ni Mirambo.

La pili likapita: "Tumekukumbuka, mteja wetu! Rudi upate punguzo." Hapo ndipo ikajulikana kwamba binamu hakupandisha wateja peke yao. Alipandisha simu nzima.

Wa kwanza kutokea alikuwa kijana wa mikopo, aliyehifadhiwa kwa jina la Usipokee. Alikuja akitabasamu, simu mkononi, tangazo limefunguliwa. Alisema ameguswa sana kukumbukwa, maana kwa miezi alikuwa akidhani amesahauliwa. Mama mdogo alilipa rejesho moja palepale, mbele ya wateja, na kumfungashia chupa ya asali kwa bei ya punguzo.

Aliyefuata hakuja mwenyewe. Sokoni kuna muuzaji mwingine wa asali, na humo simuni anaitwa Asali Feki. Naye alikumbukwa. Alituma mtoto anunue madumu matatu kwa bei ya ofa, na jioni asali ya mama mdogo ilikuwa kwenye meza ya jirani ikiuzwa kwa bei yake ya kawaida. Wateja walisema siku hiyo ya jirani ilikuwa nzuri ajabu.

Binamu hakukata tamaa. Alieleza kwamba mtandao unaweza pia kutafuta watu wapya wanaofanana na walio kwenye orodha. Mama mdogo alishuka na kidole kwenye majina mpaka kwa Mwalimu Anadaiwa.

"Wanaofanana na huyu?"

"Hata huyu, shangazi."

"Mwambie asitafute."

Mwalimu huyo, mstaafu, alikuja kesho yake, si kulipa bali kulalamika. Anasoma magazeti, na aliitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani. "Namba yangu nilikupa unipigie asali ikifika. Sikukupa uipeleke Marekani." Nilikaa upande wake, na bado niko upande wake. Mtu akikuachia namba sokoni amekuachia kwa jambo moja, na kuigeuza tarakimu 64 hakuifanyi iwe yako.

Orodha ikafutwa. Mama mdogo akaamua kuwapigia wateja mmoja mmoja kuomba ruhusa, kama sheria inavyotaka. Kila aliyepigiwa aliuliza kwanza asali ipo, akaagiza, na la ruhusa likasahaulika pande zote mbili. Kufikia alasiri madumu yalikuwa yamekwisha na binamu alikuwa bado anatengeneza fomu.

Aliyeizungumzia ruhusa hasa ni Mwalimu Anadaiwa. Aliuliza maswali ya maana, akaeleweshwa, akaridhia, akasema tangazo lolote la asali alipokee kwa mikono miwili. Mama mdogo akamshukuru, akaongeza kwamba kuna na lile salio la tangu Pasaka. Mwalimu akaanza kusema "Haloo, haloo," akasema mtandao wa Tabora siku hizi umekuwa mbaya, na simu ikakatika.