Karatasi Haina Pembe

Karatasi haina pembe. Haina kucha, haikimbii, haimvizii mtu kichakani. Imebandikwa kwenye ubao yadi 100 kutoka ulipokaa, yaani mita tisini na moja na ushee, inangoja kutobolewa. Lakini muulize Mswahili yeyote wa hapa Houston aliyewahi kushika bunduki ni kaliba gani inafaa kutobolea karatasi hiyo. Utadhani umemwomba ushauri wa kumfuata mbogo aliyejeruhiwa.

Mimi sikutaka makubwa. Nilitaka mchezo wa Jumamosi, basi. Soka magoti yamegoma. Gofu ni kuzunguka juani ukitafuta kitu ulichokitupa mwenyewe. Kulenga shabaha unakaa kwenye benchi chini ya paa, unavuta pumzi, unavuta triga, na ukikosa huna mwenzako wa kukulaumu. Nikaona huu ndio wangu. Kilichobaki ni kuchagua bunduki, na hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika, mwingi wa bure na wote wa gharama.

Wa kwanza alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye ana .300 Winchester Magnum, risasi iliyoingia sokoni 1963 kwa ajili ya watu wanaowinda wanyama wakubwa milimani, mbali sana. Kwetu Houston mlima ni daraja la barabara kuu. Nilipomwambia nafikiria .22, aliweka kikombe cha chai chini ili acheke vizuri.

"Shemeji, hiyo si ya kuulia panya?"

Jirani yetu Mkenya alisikitika zaidi. "Mzee, chukua .308. Hiyo ni ya majeshi." Ni kweli. .308 ilitoka 1952, ndugu yake wa kijeshi, 7.62, akapokewa na NATO miaka miwili baadaye, na G3 wanazobeba polisi wa kwao Kenya zinakula risasi ya ukoo huo. Ila mimi sijatangaza vita na mtu.

Halafu kuna kijana mmoja wa kompyuta, mtoto wa rafiki yangu. Huyo ni muumini wa 6.5 Creedmoor. Ana programu kwenye simu inayokokotoa upepo, unyevu, joto na mzunguko wa dunia. Mzunguko wa dunia, ndugu zangu, kwa karatasi iliyo yadi 100! Nikamwambia mwanangu, hiyo risasi yako nasikia inaonyesha ubora wake ukipita yadi 500. Akakubali. Nikamuuliza uwanja wetu una yadi ngapi. Akasema, "100, mjomba, lakini huwezi kujua." Huwezi kujua nini? Kwamba siku moja karatasi itakimbia?

Ukitaka kuumwa kichwa zaidi, anza kusoma majina. Mtu mwenye akili zake angetegemea namba iliyoandikwa kwenye boksi iwe ndiyo kipenyo cha risasi. Thubutu! .308 ni inchi 0.308 kweli, mwaminifu pekee niliyemkuta mtaa ule. .270 ukiipima ni 0.277. .303 ya Waingereza ni 0.311 hivi. Hiyo 6.5 ya kijana wetu ni milimita 6.7, na Creedmoor ni jina la uwanja wa shabaha uliofunguliwa Long Island, New York, 1873, ingawa risasi yenyewe ilitoka 2007. Kwenye .30-06, hiyo 06 ni mwaka 1906. Kwenye .30-30, ile thelathini ya pili ilikuwa uzito wa baruti. Na .223 na 5.56 zinafanana kama pacha, lakini ukiweka 5.56 kwenye bunduki iliyotengenezwa kwa .223 tu, msukumo unaweza kuzidi kiwango. Kinyume chake hakuna tatizo. Watu waliopanga mambo haya ndio walewale wanaopima uzito wa risasi kwa punje, 7,000 kwa ratili moja, wakati dunia nzima ina gramu.

Kwetu kijijini gobore halina majadiliano. Linashindiliwa kwa mdomoni, na kipande cha nondo kikipatikana, nacho ni kaliba. Babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, akapelekwa Burma na .303 begani. Hakuna aliyemwita pembeni kumuuliza anapendelea kipenyo gani.

Siku ya siku shemeji akanichukua uwanjani ili, kwa maneno yake, nione silaha ya kiume. Ni uwanja wa kawaida: mabenchi ya zege, mstari mwekundu sakafuni, na msimamizi mzee wa Kimarekani mwenye kofia pana anayepaza sauti kila baada ya muda ili wote waache bunduki na bolti zikiwa wazi, warudi nyuma ya mstari, watu wakabandike karatasi mpya. Shemeji akafungua boksi lake la risasi ishirini kama anayefungua zawadi ya harusi. Akapiga ya kwanza. Vumbi likaruka juu ya meza zote, kofia ya jirani ikasogea. Tukatazama kwa darubini. Karatasi safi. Akapiga ya pili, ya tatu, ya nne. Mpaka ya sita kulikuwa na tundu moja, pembeni kabisa, karibu na jina la kiwanda cha karatasi.

Akaanza kulaumu darubini ya bunduki.

Yule mzee alisogea taratibu, akamwomba ruhusa ampakilie yeye. Akaichukua bunduki, akatupa mgongo, akafungua na kufunga bolti, akamrudishia. Shemeji akalenga, akavuta. Tk! Ndani hamkuwa na kitu. Lakini mtutu ulizama chini karibu shubiri nzima, macho yakafumba, na bega likaruka kukwepa teke ambalo halikuja. Sisi wote tuliona. Mzee hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema kwa upole kwamba darubini ni nzima, ila mwili umeshajifunza kuogopa, na dawa yake ni kurudi kwenye bunduki ndogo mpaka uoga usahaulike.

Benchi la pili yake alikuwapo binti wa miaka kumi na miwili hivi, na babu yake, na .22 yenye kitako kilichochubuka. Karatasi yao ilikuwa yadi 50. Matundu yake yote ungeyafunika kwa sarafu moja. Nilimwona shemeji akiyatazama, kisha akajifanya anafuta miwani.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo washauri huishiwa na sauti. Kwa bei za duka la mtaani kwetu, .22 moja ni senti kumi hivi, na boksi dogo lina hamsini. .308 nzuri ni dola nzima au zaidi. .300 ya shemeji ni dola mbili na ushee kila kidole kinapokunjika. Shabaha ni mazoezi, na mazoezi ni kupiga mara nyingi. Jumamosi ya risasi mia mbili kwangu ni dola ishirini, kwa shemeji ni zaidi ya mia nne, na bega lake halifiki hata thelathini. Kubeba Magnum kwa ajili ya karatasi ya yadi 100 ni sawa na kukodi Fuso kwenda kununua mkate.

Sisemi .22 haina kasoro. Upepo unaichezea. Ukiirekebisha kwa yadi 50, ikifika 100 imeshashuka inchi sita hivi, kwa hiyo unajifunza hesabu utake usitake. Baruti yake ya kuwashia imo kwenye ukingo wa ganda, na mara mojamoja inagoma kulia. Ganda lenyewe halijazwi tena, linatupwa. Na asikudanganye mtu kwamba ni mchezo wa kitoto: inaweza kwenda maili moja na zaidi ikiwa hakuna kingo nyuma ya shabaha, na inaua. Lakini ni ya tangu 1887, na hadi leo wanaolenga mita 50 kwenye Olimpiki wanatumia hiyohiyo. Duara lao la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Wale wa mita 10 wanatumia bunduki ya upepo, kijirisasi cha milimita 4.5, na kumi yao ni nukta ya nusu milimita. Sijasikia hata mmoja wao akiambiwa anaua panya.

Basi kwa wewe unayeanza: nunua .22, na pesa itakayobaki nunua risasi, miwani na vikinga masikio vya maana. Ukishaweza kuweka matundu kumi pamoja bila kufumba macho, ndipo tuzungumze habari ya .223. Na kama kuna msomaji ana safari ya milimani, shemeji anauza .300 Winchester Magnum, haina mkwaruzo, pamoja na boksi la risasi lenye kumi na nne ndani. Anayeitaka tukutane kwa muuzaji mwenye leseni, fomu zijazwe. Bei inapungua.